Tatuu: Mjue mchoraji kabla ya kuupenda mchoro

KATIKA kamusi za Kiswahili za zamani, neno "nembo" halikuwa na maana ya chapa ya kampuni au ya taasisi. Lilielezwa kuwa ni alama ya kabila inayochanjwa katika ngozi ya mtu. Wengi wamekwisha kuisahau maana hiyo, ingawa bado wapo wazee wa Kimakonde ambao nyuso zao zina mistari ya pembepembe waliyochanjwa ujanani.

Kazi ya kuchanja nembo ilikuwa na fundi wake. Alikata ngozi kwa kisu kidogo, akapaka unga mweusi wa mbegu za mbarika zilizochomwa, na mara nyingi akairudia mistari ile ile baadaye ili ikolee. Upande wa Ziwa Nyasa nako ngozi ilipambwa. David Livingstone, aliyeliona ziwa hilo Septemba 1859 na kuifuata pwani yake ya magharibi mwaka 1861, aliandika juu ya wanawake wenye ndonya mdomoni na watu waliochanjwa mwilini. Desturi ya nembo imefifia, lakini chale za tiba ya jadi hazijafifia: mganga huchanja kwa wembe, kisha husugua dawa katika mkato.

Lipo jambo moja katika desturi hiyo ambalo kijana wa leo wa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay anayefikiria kuchora tatuu hana budi kulitazama. Fundi wa zamani alijulikana. Watu aliowachanja walipita mbele ya nyumba yake kila siku, na kazi mbaya haikuweza kufichwa. Mchoraji wa leo aweza kuwa mtu aliyeshuka kwenye basi jana akiwa na mashine ndani ya begi, na keshokutwa amekwisha kuondoka. Ndiyo maana kumchagua mchoraji ni kazi kubwa kuliko kuchagua mchoro, ingawa vijana wengi huanza na mchoro.

Sindano na ngozi

Mashine ya umeme ya kuchora tatuu ilipewa hataza mjini New York mwaka 1891, mwenye hataza akiwa Samuel O'Reilly, ambaye alitumia wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Namna inavyofanya kazi haijabadilika sana. Sindano hupanda na kushuka mara nyingi mno kwa dakika, ikipenya ngozi ya juu na kuuacha wino katika ngozi ya ndani, kina cha milimita moja hadi mbili. Ngozi ya juu hujimenya na kujifanya upya kila baada ya wiki chache, na wino ungewekwa hapo ungetoweka nayo. Ule wa ndani humezwa na chembe za kinga za mwili, ambazo haziwezi kuuyeyusha, nazo hubaki nao. Chembe moja ikifa, nyingine huupokea. Kwa hiyo tatuu hudumu.

Maana yake ni kwamba tatuu ni jeraha lenye maelfu ya matundu, na kila tundu limefika mahali penye damu. Kitu chochote kilichomo katika sindano au wino huingia humo. Virusi vya Ukimwi hufa upesi nje ya mwili, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku zisizopungua saba, vikiwa tayari kumwambukiza mtu mwingine. Homa ya ini aina ya C, pepopunda na vijidudu vya usaha navyo hupita njia hiyo hiyo.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu halisemwi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya chanjo za watoto wachanga nchini Tanzania mwaka 2002. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo, na ambaye hakuchanjwa ukubwani, hana kinga hiyo. Kwa mtu mzima dozi huwa tatu, nazo huchukua takriban miezi sita kukamilika. Anayetaka tatuu ya kudumu maisha yake yote anaweza kuisubiri miezi hiyo.

Kumpima mchoraji

Hapa Tanzania kazi ya tatuu mara nyingi hufanyika katika saluni ya kunyolea, au katika chumba kilicho nyuma yake. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni pale kitambaa kile kile kinachofutia shingo ya mteja wa nywele kinapofutia damu ya mteja wa tatuu.

Mteja ana haki ya kuomba aone sindano ikitolewa katika pakiti yake iliyofungwa, mbele ya macho yake, na yenye tarehe ya mwisho ya kutumika. Mchoraji asiyekubali hilo aachwe, hata kama mkono wake ni mwepesi namna gani. Sindano ni ya mtu mmoja na ya siku moja. Kuichovya katika spiriti, kuipitisha katika moto wa kiberiti au kuiloweka katika jiki kidogo hakuifanyi kuwa mpya. Sehemu za mashine zinazorudiwa kutumika hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Kuzichemsha katika sufuria hakutoshi, maana mbegu za baadhi ya vijidudu huvumilia maji yanayochemka. Mchoraji ambaye hana chombo hicho hana budi kutumia vifaa vya kutupwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Wino nao una mambo yake. Humiminwa katika kikombe kidogo kwa ajili ya mteja mmoja, na unaobaki hutupwa. Wino wa kalamu, wa mashine ya kuchapia au masizi yaliyochanganywa na vaselini hayana nafasi katika mwili wa mtu. Kadhalika wino usizimuliwe kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya ziwa. Mwaka 2012 madaktari wa Rochester, katika jimbo la New York, Marekani, waliripoti watu 19 waliopata vipele vya muda mrefu baada ya kuchorwa kwa wino ambao kiwandani ulizimuliwa kwa maji yasiyo salama. Hao walichorwa na mchoraji aliyefuata taratibu za usafi. Asiyezifuata huongeza hatari yake juu ya ile.

Baada ya usafi ndipo huja ustadi. Picha za simu zinazooneshwa mteja mara nyingi zimetolewa kwenye intaneti, na aliyezichora yuko Ulaya au Marekani. Hata zikiwa za mchoraji mwenyewe, nyingi hupigwa siku ile ile, wakati wino ungali unang'aa. Kipimo cha kweli ni tatuu iliyopona na kukaa mwaka mmoja, juu ya ngozi nyeusi. Katika mji wa kiasi cha Mbinga jambo hili ni jepesi kuliko Dar es Salaam: aliyechorwa anajulikana, na sokoni anaonekana. Mistari yake itazamwe. Ikiwa imetawanyika kama wino juu ya karatasi iliyolowa, sindano ilizama mno. Ikiwa imeinuka kama uzi chini ya kidole, ngozi iliumizwa.

Rangi pia hutaka ukweli. Juu ya ngozi nyeusi, njano, pinki na samawati hafifu huonekana kidogo sana baada ya kupona, kwa sababu wino huwa chini ya rangi ya asili ya mtu. Nyeusi ndiyo hudumu vizuri, na michoro yenye mistari minene iliyoachana hubaki ikisomeka. Mchoraji anayeahidi rangi zote bila kuitazama ngozi ya mteja anauza kitu ambacho hana.

Aidha, ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu yaliyovimba, yaani keloidi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Dalili huwa mtu anayo tayari bila kujua thamani yake: kovu la chanjo ya kifua kikuu begani likiwa limefura, au tundu la hereni limeota kinundu, basi tatuu yaweza kufanya vivyo hivyo. Mabibi wa zamani waliitafuta mivimbo hiyo kwa makusudi, ikawa pambo lenyewe. Anayetaka mchoro bapa hataifurahia. Mchoraji mzuri huuliza habari za keloidi kabla ya kutaja bei. Huuliza pia kama mteja ana kisukari, kama ni mjamzito, kama amelewa, na ana umri gani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mchoraji anayejiheshimu humrudisha nyumbani.

Ziwa, kahawa na muda wa kupona

Tatuu huhitaji wiki mbili hadi nne ngozi ya juu ifunge. Katika muda huo huoshwa taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo kali, hukaushwa, hupakwa mafuta kidogo, wala haikwanguliwi magamba yake. Haizamishwi majini. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kwa watu wa ziwani.

Wavuvi wa usipa huvua kwa taa katika usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapong'aa. Mtu angedhani mapumziko hayo yanatosha, lakini huwa mafupi kuliko jeraha. Anayechorwa mkono leo na kuvuta nyavu baada ya wiki moja anatia kidonda kibichi katika maji yenye vijidudu, mbali na kichocho ambacho katika Ziwa Nyasa hupenya hata ngozi nzima. Mvuvi atakayechorwa ajipange kukaa nchi kavu mwezi mzima, au achague mahali pa mwili pasipolowa, na kwa mvuvi mahali hapo ni pachache.

Juu katika milima ya Umatengo tatizo ni fedha na msimu kukutana. Kahawa huvunwa takriban kuanzia Mei na kuendelea, na fedha zake ndizo humpa kijana uwezo wa kuingia saluni. Wakati huo huo kazi ya kuchuma, kumenya na kubeba magunia ndiyo imepamba moto, na bega lililochorwa jana haliwezi kubebeshwa gunia. Kuchimba ngolo, pamoja na udongo na nyasi zake zilizooza, nako kusubiri mpaka ngozi ifunge. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo.

Uwekundu na maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Homa, usaha, uvimbe unaozidi au mistari myekundu inayopanda kuelekea kwapani si ya kawaida, na mwenye dalili hizo aende hospitali, iwe Mbinga mjini, Litembo au Liuli, asirudi kwa mchoraji. Ikiwa sindano ilitumika kwa mtu mwingine, dawa ya kukinga maambukizi ya virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Baada ya hapo haifai tena. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilometa zipatazo 66, na saa hizo 72 zinatosha kwa anayeondoka siku hiyo hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba piko ni njia ya kukwepa yote haya. Hina ya asili, yenye rangi ya kahawia, huwadhuru wachache sana. Piko nyeusi inayochorwa maharusi mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele, na kemikali yake ya parafenilenidiamini huweza kuchubua na kutoa malengelenge. Aliyewahi kudhuriwa nayo aweza kudhurika kila atakapopaka nywele zake rangi, hata baada ya miaka.

Ajira, dini na kufuta

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi na ya Idara ya Uhamiaji yamekuwa na sharti kwamba mwombaji asiwe na alama au michoro ya tatuu mwilini. Waombaji hukaguliwa. Kwa kijana wa kidato cha nne ambaye jeshi ni mojawapo ya milango michache ya mshahara, mchoro wa saa moja waweza kuufunga mlango huo. Kuuficha chini ya shati hakusaidii.

Katika nchi ya Wakatoliki wa Mbinga na Waanglikana wa Liuli, wazazi wengi watautaja mstari wa sura ya 19 ya Mambo ya Walawi. Wakristo hawakubaliani kama katazo lile linawahusu leo. Kwa Waislamu, wanazuoni walio wengi huihesabu tatuu ya kudumu kuwa ni haramu, na hina kuwa halali. Mazungumzo hayo ni mepesi kabla ya sindano kuliko baada yake.

Anayejuta ana njia ya miale ya leza, ambayo huvunja wino vipandevipande ili mwili uuondoe. Huhitaji vipindi vingi vilivyoachana kwa wiki kadhaa, na juu ya ngozi nyeusi yaweza kuacha mabaka meupe au meusi zaidi iwapo mtaalamu hakuchagua aina ya miale inayofaa. Pasi ya moto, maji ya betri na jiki havifuti tatuu, huacha kovu la kuungua juu yake. Njia nyingine ni kuufunika mchoro wa zamani kwa mpya. Mpya huo hauna budi kuwa mkubwa na mweusi kuliko wa kwanza, na aliyekwenda kufunika jina la herufi tano hurudi na picha iliyotwaa bega zima.