MIAKA MIA NNE NA ZAIDI YA WAMAMA WA MAPENDO

Katika siku za Yubilei tunakumbuka waliotutangulia: mapadri walioleta Injili, makatekista waliotembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, mafundi waliochoma matofali ya kanisa. Inafaa tuwashukuru. Lakini kuna kazi moja ambayo haiandikwi mara nyingi katika vitabu vya parokia, nayo ni kazi ya wamama wanaozungukia wagonjwa na masikini pasipo mshahara. Kazi hiyo ina historia ndefu ndani ya Eklezya, nasi tunapenda kuieleza hapa kwa kifupi.

Mwanzo wake ulikuwa katika parokia moja ndogo ya Ufaransa, jina lake Châtillon-les-Dombes. Mwaka wa 1617, mwezi wa nane, padri Vincent de Paul alikuwa ameingia pale kuwa paroko. Siku ya Dominika, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliletewa habari ya jamaa moja iliyokaa mbali na mji. Wote nyumbani walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na mmoja mwenye nguvu ya kumsaidia mwenzake. Katika mahubiri yake aliwaeleza wakristu shida hiyo. Alasiri, alipokwenda yeye mwenyewe kuwatazama, alikuta njia imejaa watu: wengine wanakwenda na vyakula, wengine wanarudi.

Wengi wangefurahi na kuishia hapo. Vincent alifurahi, lakini vilevile aliona hatari. Vyakula vingi vilivyofika siku moja vingeoza, na kisha siku chache wagonjwa wangerudia njaa yao. Alifahamu kwamba masikini wa Châtillon hawakukosa watu wa kuwahurumia. Walikosa watu waliopatana namna ya kuwatunza kila siku. Kwa hiyo, tarehe 23 ya mwezi ule, wamama na mabinti kadhaa wa mji walikubali kuwahudumia wagonjwa kwa zamu, kila mmoja siku yake. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili, chama chao kilisimamishwa rasmi kwa ruhusa ya wakubwa wa jimbo la Lyon. Kiliitwa Chama cha Mapendo.

Sheria waliyoandikiwa yastahili kusikilizwa, kwani inaingia hata jikoni. Mama wa zamu anapika chakula na kukipeleka yeye mwenyewe. Anamsalimu mgonjwa kwa uso wa furaha, anatandika kitambaa, anamnawisha mikono, anasali pamoja naye, anamkatia nyama na kumpa kinywaji, sawa na mama anayemhudumia mtoto wake. Tena sheria inamwagiza aanze na mgonjwa mwenye mtu karibu naye, amalize na yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi.

Sisi wa Kongo tunaelewa neno hilo upesi. Katika hospitali zetu nyingi, mgonjwa anakula kile ambacho ndugu zake wamemletea. Mwenye jamaa anasikia harufu ya sufuria mlangoni. Asiye na jamaa anageukia ukuta. Wamama wa Châtillon walimweka huyu mwisho wa safari yao, ili pasiwe na haraka tena.

Juu ya feza, mpango ulikuwa wazi. Wamama wenyewe walichagua mkubwa wao na mtunza feza, na hesabu zilipaswa kutolewa mbele ya watu. Vincent alijaribu pia vyama vya wanaume, na pengine vya wanaume na wanawake pamoja. Mwaka wa 1650 aliandika barua akieleza matokeo: katika vyama vya pamoja, wanaume walitaka kushika mamlaka yote, na wanawake hawakukubali. Kuhusu wamama alishuhudia kwamba katika utunzaji wao wa mali hakuona kosa, kwani walikuwa waangalifu na waaminifu. Ushuhuda huo una miaka zaidi ya mia tatu.

Chama kilienea katika vijiji na miji ya Ufaransa. Tangu mwaka wa 1629, mjane mmoja, Louise de Marillac, alitumwa kuvitembelea vyama hivyo, kuvirekebisha na kuvitia moyo. Huko Paris wamama wakubwa walitoa mali nyingi, lakini kazi ya kuosha na kulisha wagonjwa mara nyingine waliwaachia watumishi wao. Ndipo walipokuja wasichana wa mashambani. Wa kwanza alikuwa Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe wa Suresnes, aliyejifunza kusoma akiwauliza wapita njia, kisha akawafundisha wengine. Alikufa mwaka wa 1633 kwa tauni, baada ya kumpokea msichana mgonjwa kitandani mwake. Mwaka huohuo Louise aliwakusanya wenzake, wakawa Mabinti wa Mapendo, masista wasiofungiwa ndani ya kuta. Mwaka wa 1634 wamama wa Paris walianza kuwazungukia wagonjwa wa hospitali kubwa ya Hôtel-Dieu, na mwaka wa 1638 waliwapokea watoto waliotupwa njiani.

Mapinduzi ya Ufaransa yalivunja kazi hiyo. Mwaka wa 1840 ikaanzishwa tena mjini Paris. Mwaka wa 1971 vyama vya nchi mbalimbali viliungana upya kwa jina la Association Internationale des Charités, na nchi yetu imo katika ukoo huo. Mwaka wa 2017 walisherehekea miaka 400.

Wandugu wapenzi, Yubilei yetu inafanana na ile alasiri ya Châtillon: njia imejaa, mikono imejaa, kila mtu ana kitu cha kutoa. Ni vizuri. Lakini mgonjwa atakuwa na njaa hata juma linalofuata, na mjane atahitaji kuni wakati nyimbo zimenyamaza. Kwa hiyo tunawaomba wamama wetu waendelee kushika zamu zao, tunawaomba mababa na vijana wawasaidie, na tunawaomba wakubwa wa parokia wasiache kuwasikiliza wanapotoa hesabu na shauri. Bwana Yezu, aliyesema kwamba tuliyomtendea mdogo tumemtendea Yeye, awalipe kwa kila sahani waliyoibeba.