Changamwe Ilikosa Fungu la Chombo

Leo niko Liwatoni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, namngoja mjomba arudi. Mbele yangu meli ya mafuta inapita polepole kuelekea Kipevu. Hizi meli tumezizoea hadi hatuziulizi kitu. Lakini petroli iliyomo imesafishwa kwa watu. Si sisi tulikuwa na kiwanda chetu Changamwe? Kilienda wapi?

Kilianza kazi 1963. Wenyewe walikuwa kampuni za nje, Shell, BP na Caltex zikiwemo, halafu 1971 serikali ikashika nusu. Sasa sikizeni utamu wake. Barabarani hawa jamaa walikuwa wanagombania wateja, kila mmoja na kituo chake na rangi zake. Kwenye kusafisha wakakutana jiko moja. Kila kampuni ilileta mafuta ghafi yake, ikalipa ada, ikachukua bidhaa yake, kama majirani wanaosagisha mahindi kwenye kinu kimoja. Bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza 1978, ni mtindo ule ule: bomba moja, wapinzani wengi. Ushindani ulikuwepo, lakini mzigo mkubwa uligawanywa.

Shida ni kwamba mitambo ilizeeka. Ilitoa mafuta mazito mengi, na petroli na dizeli haikutosha. Wauzaji walilazimika kupitisha sehemu ya mafuta yao hapo hata kama ya meli yalikuwa rahisi. Mwaka 2009 Essar ya India ikanunua nusu ya kiwanda, na mpango wa kukifufua ukakadiriwa kuzidi dola bilioni 1. Julai 2012 utaratibu ukageuzwa: kiwanda kikawa kinanunua mafuta ghafi chenyewe, kisha kinawauzia wauzaji. Wauzaji wakaangalia bei wakasema, ah, hii hapana. Bidhaa zikalala matangini. Septemba 2013 mitambo ikazimwa. Essar ikaamua kutoka, na 2016 serikali ikanunua hisa zake kwa dola milioni 5. Leo pale ni ghala tu, chini ya Kenya Pipeline.

Kuna wanaowalaumu wauzaji. Mimi siwalaumu sana, maana nani ananunua ghali kwa mapenzi? Ninacholaumu ni kwamba wakati wa neema wote walikula, na hali ilipokaza kila mtu akavuta shuka lake. Hakuna aliyekuwa ameweka akiba ya kutosha ya kubadilisha mitambo. Ndiyo maana wazee wetu walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Tukaja tukabanwa tena 2023, dola zilipoadimika. Kabla ya hapo kampuni zilishindana kwa zabuni, na mshindi aliagiza kwa niaba ya wote. Machi 2023 serikali ikakubaliana na kampuni za Saudi Aramco, ADNOC na ENOC zituletee mafuta kwa mkopo wa siku 180. Wao wakakubali kungoja pesa, sisi tukakubali kununua kwao. Angalau kila upande ulibeba kitu. Lakini Uganda, iliyokuwa ikinunua kupitia kampuni zetu, iliona inaumia. Ikaenda mahakamani, na tangu Julai 2024 shirika lake la UNOC linaagiza lenyewe kwa mkono wa Vitol. Ukipanga bei bila mwenzako mezani, usishangae akiinuka.

Mjomba huyu hapa amefika. Chombo wanashirikiana watu kadhaa, na leo samaki si wengi wala petroli si rahisi. Ungedhani watagombana. Wapi! Kabla mtu hajachukua chake, linatolewa fungu la chombo: la mashine, nyavu na petroli ya kesho. Hata siku mbaya linatolewa, dogo lakini linatolewa. Kilichobaki ndicho wanachogawana.

Basi mkisikia viongozi wakitangaza mkataba mpya wa mafuta, au kiwanda kipya cha pamoja, msiulize tu kila mmoja atapata ngapi. Ulizeni fungu la chombo liko wapi, na nani analitoa siku ambayo samaki hakuna. Changamwe hawakuuliza, na vijana wa huko leo wanapita nje ya ukuta wa matangi wakitafuta kazi.