Wakulima Juu ya Mawe

Mtu atokaye Mpofi, penye mipaka ya Walikale na Masisi, akishika njia ya Nyabiondo, Masisi na Sake, mwishowe hufika Goma. Wengi wa kwetu waliipita njia hiyo na godoro kichwani. Twataka kueleza habari za wale waliosimama Birere, mtaa wa katikati ya mji, karibu na mpaka wa Gisenyi. Maana wako Wakristu wenzetu wasemao kwamba watu wa Birere ni maskini kwa sababu ya ulevi. Sisi tukiitazama historia, twaona jambo lilianza upande mwingine.

Huko milimani ndizi hazikukosekana. Kasiksi ilinywewa siku ya mahari na siku ya matanga, wazee wakiwapo, na mlevi alionywa na ndugu zake. Lakini mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita ikaenea Masisi. Familia zikateremka mjini bila jembe. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, malaki kwa malaki, wakaingia Goma, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Kazi ya kubeba mizigo, iliyokuwa haba, sasa iligombewa na watu wengi mno.

Kisha, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wake ulipita katikati ya mji hata ziwani, ukala sehemu ya Birere na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walijenga tena nyumba za mbao juu ya mawe yale yale. Yafaa msomaji afikiri kidogo: mkulima amefika mahali ambapo jembe haliingii, na hata choo huchimbwa kwa nyundo. Atapanda nini?

Hapo ndipo kanyanga ilipopata wapishi. Pombe ya ndizi au ya mahindi hutiwa katika pipa, huchemshwa, mvuke wake hupita katika bomba lililolazwa majini, na kinachodondoka huuzwa kwa kipimo kidogo kwa kijana asiye na bei ya sahani ya chakula. Kanyanga humsahaulisha njaa, bangi humsahaulisha woga. Watoto wa barabarani, waitwao maibobo, wazijua zote mbili. Na mpishi ni nani? Mara nyingi ni mama mjane atafutaye karo. Pipa lililomsomesha binti yake limemharibu mwana wa jirani, pengine na wa kwake pia. Kumwambia alimwage, bila mtaji wa kuuza makala au unga, ni kumfukuza tu.

Walioliacha pipa wengi walisaidiwa na likirimba: akina mama hutoa kila juma kiasi kile kile, na fedha zote hupewa mmoja kwa zamu. Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi nao walifundisha vijana useremala na ufundi mwingine. Lakini jioni kijana hurudi nyumbani, na mwenye kuilisha nyumba ni mama.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji, mabenki yakafungwa. Mwezi wa Februari kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa. Wengi walirudi Masisi, wakakuta nyumba zimebomolewa. Wengine walibaki mjini, wakaomba pa kulala kwa jamaa, na asubuhi wakaenda mpakani kutafuta mizigo ya kubeba.