Hati ndizo zilizomfukuza tai wa Masisi

Januari 2024 kundi la watafiti, wakiwemo Phil Shaw na Darcy Ogada, lilitoa hesabu ya kusikitisha kuhusu ndege mbuai wa Afrika. Kati ya aina 42 zilizolinganishwa kwa takwimu za miaka 20 hadi 40, aina 37 zimepungua, na walioumia zaidi ni ndege wakubwa wanaoishi nje ya hifadhi. Takwimu hizo zilikusanywa na watu waliopita barabarani kwa gari wakihesabu, huko Kenya, kaskazini mwa Botswana, kaskazini mwa Kamerun, na katika Burkina Faso, Mali na Niger. Kongo haimo. Sishangai, maana barabara inayotoka Sake kupanda Masisi, katika Kivu Kaskazini, ambayo leo iko kwa hawa na kesho kwa wale, si mahali pa kupita polepole na darubini. Kwa kukosa hesabu watu hujiridhisha na maelezo mepesi: tai wa milima hii walimalizwa na mitego, au na vita vya miaka 30. Mimi nashikilia kwamba, kwa upande wa Masisi, tai alikuwa ameshanyang'anywa makao kabla risasi ya kwanza haijalia, na aliyemnyang'anya ni karani.

Ninayemsema ni tai mwenye shungi, Stephanoaetus coronatus, ndege wa kilo 3 hadi 4 na ushei, mwenye mbawa pana na fupi zinazomwezesha kupenya kati ya matawi. Hukaa kimya juu ya mti hata kundi la kima lipite, kisha hushuka na kumbana mmoja kwa ukucha wa nyuma. Dume na jike hurudia tundu lilelile miaka na miaka, wakiongeza vijiti mpaka linakaribia upana wa mita 2. Kwa kawaida mayai ni 2, kinda la kwanza humuua mdogo wake, na linalobaki huendelea kulishwa na wazazi hata miezi 9 na zaidi baada ya kujua kuruka. Hivyo jozi moja hutoa kinda moja kila miaka 2. Ndege wa namna hii akikosa mti wa tundu au kima wa kula, hawezi kufidia kwa kuzaa haraka. Na kufahamiana kwake na binadamu ni kwa kale mno: mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walitoa hoja kwamba mtoto wa Taung, wa jamii ya mababu wa binadamu, ambaye fuvu lake lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1924, aliuawa na tai mkubwa, na miaka 11 baadaye Berger akaonyesha alama ndani ya matundu ya macho.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye karatasi. Tangu 1885 dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya serikali, na machoni pa utawala msitu wa mlimani, ambamo wenyeji Bahunde waliwinda na kuokota kuni, haukuwa umekaliwa. Mwaka 1928 ikaanzishwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa maeneo kwa walowezi. Kisha mwaka 1937 Wabelgiji wakaunda ujumbe wa kuhamisha Wanyarwanda kuja Masisi, kwa madai ya kupunguza msongamano na njaa huko Ruanda, na kwa haja yao wenyewe ya vibarua wa mashamba na migodi. Kufikia 1955 zaidi ya watu 80,000 walikuwa wamehamishwa. Gishari, ardhi ya Masisi iliyochukuliwa kwa machifu wa Bahunde kwa malipo ambayo hadi leo yanabishaniwa, ilipewa uchifu wake yenyewe chini ya kiongozi Mnyarwanda, uchifu huo ukavunjwa mwaka 1957, na uchungu wake haujaisha. Nani mgeni, nani aliuza, aliuza nini? Ugomvi huu umeandikwa katika vitabu vingi, lakini jambo moja halitiliwi maanani. Katika utaratibu ule, ushahidi wa kuwa ardhi ni yako ulikuwa kuilima au kuifuga. Aliyeacha miti imesimama alikuwa hajaonyesha matumizi. Kwa hiyo aliyehamishwa alifyeka ili apate kula, mlowezi alifyeka ili apewe hati, na mwenyeji naye alifyeka ili asipokonywe. Kumbebesha lawama mhamiaji peke yake, kama wanavyofanya wengine, ni kumlaumu mtu aliyeletwa na kuonyeshwa pa kukata.

Uhuru haukugeuza mantiki hiyo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, ikaahidi amri ya rais kuhusu ardhi za kimila, na amri hiyo haikutoka. Waliokuwa karibu na Rais Mobutu wakajipatia mashamba makubwa ya ng'ombe, yaitwayo ferme, na milima ya Masisi ikawa ile tunayoijua, majani mafupi kama zulia, waya wa miba, na jibini la mviringo linaloshuka kuuzwa Goma. Mtu anaweza kupinga: mbona malisho yana ndege mbuai wengi? Ni kweli. Shakivale, yule mwenye mkia wa rangi ya kutu, hutua juu ya nguzo za waya akivizia panya, na mwewe huzunguka juu ya nyumba akitafuta vifaranga. Lakini hao ni ndege wa uwazi, na wingi wao ni dalili ya kwamba miti imeondoka. Tena wanaostahili shukrani ya mkulima, kwa panya wanaokula, ndio wanaopigwa mawe kwa makosa ya mwewe.

Walikale, magharibi mwa Masisi, ni habari nyingine, na hapo nakubali kwamba hati haitoshi kueleza. Msitu bado upo. Kilichobadilika ni njia. Kasiteriti, yaani madini ya bati, ilipoanza kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya vijana waliingia porini kwa miguu, wabebaji wakatoa magunia mgongoni, na ndege ndogo zikatua juu ya kipande cha lami cha Kilambo, zikishusha bia na sabuni, zikipakia madini. Wachimbaji wanakula, na nyama iliyo karibu ni ya pori: kima na paa wadogo, yaani chakula kilekile cha tai. Hakuna haja mtu ampige tai. Inatosha kuwahi kundi la kima kabla yake. Marufuku ya uchimbaji ya Septemba 2010 hadi Machi 2011 ilipita, na kampuni ikaanza kuzalisha bati Bisie mwaka 2019.

Liko pingamizi zito kuliko yote: watu wanakimbia vijiji, mji wa Walikale wenyewe ulitekwa na waasi wa M23 Machi 2025, na mwandishi anaulizia tai? Ningelikubali kama mambo hayo mawili yangekuwa na mizizi tofauti. Lakini ardhi iliyogawanywa bila kusikiliza wenyeji, na madini yanayotoka bila kuacha kitu, ndivyo vilivyowaangamiza watu na tai pia. Nyenzo za kurekebisha zipo. Kongo ilijiunga na CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, mwaka 1976. Sheria ya uhifadhi ilitoka Februari 2014, na amri ya Agosti mwaka huohuo inaziruhusu jamii kupewa haki juu ya misitu yao ikiwa imesimama, jambo ambalo karani wa 1937 asingelikubali. Walikale tayari ina misitu ya aina hiyo, na hifadhi ya jamii ya Nkuba inayolinda sokwe. Mabaraza ya jamii yanayoandika mipango ya misitu hiyo yamtaje tai kwa jina, yaorodheshe miti yenye matundu yake, na yaiweke miti hiyo nje ya shoka.