Kungwi wa Kamusi Elezo: Nani Atamwandika Mwanamke wa Gulwe?

Ukitaka kujua jamii inathamini maarifa ya nani, soma vitabu vyake, halafu tazama nani hayumo. Chukua mfano wa Gulwe, stesheni ya Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma. Wajerumani walianza kujenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na kufikia 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Tangu hapo Gulwe imo kwenye maandishi: ratiba za treni, ramani, ripoti za wahandisi, na habari za mafuriko kama yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyobomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mimi ni mwandishi wa habari. Najua kwamba jina la Gulwe likitajwa chumba cha habari, yanayofuata ni tuta la reli na maji.

Sasa jiulize: mwanamke wa Gulwe yuko wapi kwenye maandishi hayo?

Maarifa anayo, tena mengi. Ugogo ni nchi kame, na anayejua mlenda upi wa kuanika, uwele uhifadhiwe vipi na mvua ikigoma watu wale nini, kwa kawaida ni mama wa nyumba. Ngoma za muheme, zilizoipa Dodoma sifa, hupigwa na wanawake. Njaa ile ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe na nafaka zao, waliivuka wakiwa na watoto mgongoni. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alichapisha *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* mwaka 1954. Mgogo kuwaandika Wagogo kwa Kiswahili wakati mkoloni bado yupo si jambo dogo, na kazi ile tunaihitaji mpaka leo. Lakini mwandishi mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kuingia kila jiko.

Historia yetu inaonyesha njia tatu ambazo mwanamke ameingilia kwenye maandishi.

Ya kwanza ni kuandikwa na mwanamume. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikafika pwani yote. Hakusoma shule. Maisha yake tunayajua kwa sehemu kubwa kwa sababu Shaaban Robert alikaa naye kabla hajafariki mwaka 1950, akaandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Tumshukuru Shaaban. Ila tukumbuke ni waimbaji wangapi wa zama zile ambao hawakumpata Shaaban wao.

Ya pili ni kuandikwa na mgeni. Bibi Titi Mohamed alikuwa na elimu ya darasa la nne na sauti ya kuongoza kikundi cha lelemama kiitwacho Bomba, Dar es Salaam. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Swali likawakaba. Titi, mwenye kadi namba 16, akapewa kuongoza kitengo cha wanawake. Hakuanza na makaratasi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake ambao tayari walikuwa na wafuasi, na hao wakaleta wenzao. Kwa miezi michache tu maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU.

Baadaye mambo yaligeuka. Titi alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Aliyekwenda kumketisha na kumsikiliza kwa kirefu, mwaka 1984, alikuwa mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger. Kitabu chake, *TANU Women*, kilitoka 1997 na kikapindua simulizi iliyozoeleka: wanawake wale hawakufundishwa utaifa na TANU; walikuja nao kutoka kwenye ngoma zao, zilizokwisha kuchanganya makabila. Kitabu kizuri mno. Tatizo ni kwamba kilitoka kwa Kiingereza. Masimulizi yalitolewa kwa Kiswahili, lakini kitabu kikaandikwa kwa lugha nyingine.

Njia ya tatu ni wanawake kujiandika. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake 12, akiwemo Fatma Alloo na Edda Sanga, walianzisha TAMWA. Wakaanzisha jarida, wakaliita *Sauti ya Siti*. Angalia uchaguzi wa jina: wasomi wa chuo na redio wakamchukua mwanamke asiyesoma kuwa somo wao. Wenye kalamu walishikana mikono, na wasichana waliofuata wakakuta mlango umeshafunguliwa. Kampeni zao ni sehemu ya sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998.

Neno somo nimelitumia kwa makusudi. Siku hizi tunasikia habari za kuwalea viongozi wanawake wa Afrika katika maarifa huria, na wengine wanadhani ni jambo lililoletwa na mradi. Jamani, sisi tuna somo na kungwi. Bi Kidude, aliyefariki 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao Unguja alikuwa pia kungwi wa unyago. Kungwi hamwachi mwari mlangoni na kumwambia aingie mwenyewe. Humshika mkono, humwonyesha, humkosoa, kisha siku moja mwari naye anakuwa kungwi.

Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru, ipo tangu 2003. Kwa sheria zake yeyote anaweza kuandika. Lakini mlango ulio wazi si sawa na kukaribishwa. Hata kwenye Wikipedia ya Kiingereza, yenye wahariri wengi kuliko zote, wasifu wa wanawake ni kama mmoja tu kati ya watano. Sababu mojawapo ni ya kihistoria: kamusi elezo inataka chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Mwanamke ambaye gazeti halikumwandika, kitabu kikampita na ripoti ya reli haikumuona, hana tanbihi ya kumtetea. Ukimya wa jana unakuwa ushahidi dhidi yake leo.

Ndiyo maana mafunzo ya siku moja hotelini, na chai na vitumbua, hayatoshi. Msichana hufundishwa kubonyeza "hariri", anarudi nyumbani, makala yake inafutwa kwa kukosa vyanzo, bando limeisha, na hana wa kumuuliza. Anachohitaji ni kungwi: dada aliyekwisha kufutiwa makala, anayejua kutafuta nakala ya zamani ya gazeti, na atakayepokea simu yake mwezi wa sita.

Na kungwi mzuri hufundisha mipaka pia. Si kila kitu ni cha kuanikwa. Yanayosemwa unyagoni yana wenyewe, na bibi anayekusimulia ana haki ya kujua maneno yake yanakwenda wapi na kusema hili liache. Maarifa huria yasiyoomba ruhusa yatafanana na yale ya mkoloni aliyechukua ngoma zetu akazitia kwenye kabati la makumbusho.

Kazi basi ianzie chini. Mpwapwa, jirani ya Gulwe, ina chuo cha ualimu. Fikiria mwanachuo mmoja akikaa na bibi mmoja, kwa Kigogo na Kiswahili, akiandika habari za mlenda, muheme na mafuriko kama yeye alivyoyaona. Mwalimu wake ayapitie. Gazeti au jarida liyachapishe, likiwa na jina la bibi kama mwenyewe ataridhia. Hapo tanbihi imepatikana, na makala ya Gulwe kwenye kamusi elezo itakuwa na kitu zaidi ya stesheni. Mwaka unaofuata, mwanachuo huyo awashike mkono wawili.

Titi alianza hivyohivyo, na viongozi wachache wa ngoma.