Pointi za likizo zisizotumika: namna mmiliki anavyoweza kuzikodisha

Wapo watu ambao kila mwezi Januari hulipia likizo wasiyokwenda. Ni wale walionunua umiliki wa zamu, yaani haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa sehemu ya mwaka, pamoja na wengine wengi wenye haki kama hiyo katika majengo hayo hayo. Ada ya matunzo huja iwe mwenyewe amesafiri au hakusafiri, amepewa ruhusa kazini au amenyimwa, fedha zipo au zimekwenda kumtibu mzazi nyumbani. Pointi zake, zikipitwa na muda, hufutika bila fidia.

Msomaji aishiye Marekani huenda anafahamu jinsi mtu anavyoingia katika jambo hili. Hualikwa kwenye kifungua kinywa cha bure, au huahidiwa tiketi za bei nafuu za viwanja vya burudani mjini Orlando, ilimradi asikilize maelezo ya saa moja na nusu. Huingia akiwa mgeni, akatoka akiwa mmiliki mwenye deni la miaka kumi. Kuuza haki hiyo baadaye ni kazi ngumu. Katika minada ya intaneti zipo nyingine zinazotangazwa kwa dola moja na bado hazipati mnunuzi, kwa kuwa anayenunua hurithi pia ada ya kila mwaka. Ndiyo maana wengi wasioweza kusafiri huuliza kama wanaweza kuzikodisha angalau pointi za mwaka husika ili warudishe gharama. Jibu ni kwamba inawezekana, lakini kwa masharti.

Biashara hii ilianzia Ulaya katika miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1963, ni miongoni mwa waasisi wake. Kwa muda mrefu kilichouzwa sehemu nyingi kilikuwa wiki maalumu, kwa mfano wiki ya 27 katika chumba fulani kila mwaka. Kampuni za kubadilishana wiki zikafuata: RCI mwaka 1974 na Interval International mwaka 1976, zote za Marekani. Mfumo wa pointi ulipoenea, mwanachama hakununua tena wiki bali idadi ya pointi anazopewa kila mwaka, naye huzitumia kama fedha kulipia usiku, chumba na msimu anaoutaka.

Makala haya yanaitumia klabu ya likizo ya Disney kuwa mfano, kwa sababu soko la kukodisha pointi zake ni miongoni mwa masoko yaliyokomaa zaidi. Klabu hiyo ilifungua majengo yake ya kwanza mwaka 1991 huko Florida, ambayo leo huitwa Old Key West. Inafaa kukumbuka kwamba neno "mmiliki" hapa lina mipaka. Mikataba ya awali ya Old Key West inakwisha tarehe 31 Januari 2042, na baada ya hapo mwanachama ambaye hakuongezewa muda hatakuwa na kitu cha kukodisha wala cha kurithisha.

Kalenda kwanza

Anayetaka kukodisha pointi aanze kwa kuisoma kalenda ya mkataba wake, kwani hasara nyingi hutokana na tarehe kuliko bei. Kila mkataba una mwaka wake wa matumizi, ambao si lazima uanze Januari. Tuchukue mwanachama ambaye mwaka wake huanza Juni. Pointi alizopewa tarehe 1 Juni 2026 zitakwisha tarehe 31 Mei 2027. Anaruhusiwa kuziweka akiba kwa ajili ya mwaka unaofuata, lakini lazima afanye hivyo ndani ya miezi minane ya mwanzo, maana yake kabla Januari 2027 haijaisha. Ikishafika Februari mlango huo umefungwa. Pointi zilizowekwa akiba mara moja haziwezi kuwekwa akiba tena. Anaweza pia kukopa pointi za mwaka ujao azitumie leo, ingawa kwa kawaida zilizokopwa hazirudishwi.

Tarehe nyingine mbili ndizo zinazopanga bei. Mwanachama anaweza kuhifadhi nafasi katika majengo aliyonunulia pointi zake miezi 11 kabla ya kuwasili, ilhali katika majengo mengine ya klabu husubiri hadi miezi saba. Tofauti hiyo ya miezi minne ina thamani ya fedha. Vyumba vinavyogombaniwa wakati wa Krismasi mara nyingi huwa vimekwisha kabla mlango wa miezi saba haujafunguliwa, kwa hiyo mwenye pointi za mahali hapo anaweza kudai bei ya juu kuliko mwenzake. Kinyume chake ni yule aliyezinduka Machi akiwa na pointi zinazokufa Mei. Huyo atapata vyumba vilivyobaki tu, na wapangaji wanaomjia wanajua ana haraka. Samaki wa saa kumi na mbili jioni hauzwi bei ya samaki wa alfajiri.

Hesabu yenyewe tuifanye kwa takwimu za kubuni, ili ieleweke. Mwanachama ana pointi 160 na ada ya matunzo ni dola 9 kwa kila pointi, hivyo analipa dola 1,440 kwa mwaka. Akizikodisha mwenyewe kwa dola 18 kila pointi, atapokea dola 2,880, akibakiwa na dola 1,440 baada ya kulipa ada. Akipitia kwa wakala anayempa dola 15, atapokea dola 2,400 na kubakiwa na dola 960. Inaonekana kama faida nzuri, mpaka aweke mezani bei aliyonunulia. Kama alilipa dola 25,000, na sehemu yake kwa mkopo wenye riba kubwa, kodi hii inapunguza maumivu tu. Mtu asinunue pointi kwa nia ya kuzikodisha, hata kama muuzaji anamhakikishia kwamba zitajilipa zenyewe.

Kinachokodishwa hasa

Katika mazungumzo husemwa kwamba mtu "anakodisha pointi", lakini pointi zenyewe hazitoki mikononi mwake. Anachofanya mwanachama ni kuhifadhi nafasi kwa pointi zake na kuandika jina la mpangaji kuwa ndiye mgeni. Nafasi hiyo hubaki katika akaunti ya mwanachama. Ni yeye pekee anayeweza kuongeza usiku, kusahihisha jina au kufuta. Kwa mpangaji hilo ni jambo la kutisha kidogo: amelipa maelfu ya dola kwa mtu asiyemjua, na mtu huyo anaweza kufuta chumba chake kwa kubofya mara moja. Mmiliki anayelielewa hofu hii hufanya biashara kwa urahisi zaidi. Humpa mpangaji namba ya uthibitisho mapema, ili aiingize katika akaunti yake ya wageni na kuona kwa macho yake kwamba chumba kipo.

Kanuni za klabu huruhusu mwanachama kukodisha, lakini hukataza kuigeuza shughuli hiyo kuwa biashara. Klabu ya Disney iliwahi kuweka kipimo cha nafasi zaidi ya 20 ndani ya miezi 12 kuwa dalili ya biashara, na miaka ya karibuni imekuwa kali zaidi katika kuwataka wanachama wathibitishe kwamba matumizi yao ni ya binafsi. Anayekodisha mara moja kwa mwaka kwa sababu hakuweza kusafiri yuko mbali na mstari huo. Aliyenunua mikataba mitano na kuhifadhi vyumba vya Krismasi ili kuvitangaza ndiye anayelengwa.

Klabu nyingine zina kanuni zake, na ni kosa kudhani zinafanana. La kukumbuka kwa wote ni hili: wiki iliyopatikana kwa kubadilishana kupitia RCI au Interval International hairuhusiwi kukodishwa. Mwanachama anaweza kumpa rafiki au ndugu kwa hati ya mgeni, lakini si kuiuza. Wanaokamatwa hufutiwa nafasi, na mpangaji hujikuta mapokezini na mizigo yake bila chumba.

Aidha, ada ya mwaka ilipwe kabla ya kumkaribisha mpangaji. Akaunti yenye deni inaweza kufungiwa, na nafasi zilizokwishahifadhiwa zikaathirika.

Wakala au mwenyewe

Wapo mawakala wanaowakutanisha wamiliki na wapangaji. Wakala huandaa mkataba, hupokea fedha za mpangaji na kumlipa mmiliki kwa awamu: sehemu kubwa nafasi inapothibitishwa, na iliyobaki mgeni anapowasili. Ujira wake umo katika tofauti ya bei mbili. Kwa mtu anayefanya hivi kwa mara ya kwanza, ujira huo si wa kuuonea uchungu.

Anayekodisha mwenyewe anahitaji mkataba wa maandishi hata kama mpangaji ni binamu. Hapa niseme jambo ambalo wenzetu wengi wa ughaibuni watalitambua. Ndugu ndio wapangaji wagumu kuliko wote. Chumba huhifadhiwa kwa ahadi ya simu, malipo yanangoja mwisho wa mwezi, na wiki mbili kabla ya safari huja ujumbe kwamba mambo yamebadilika. Katika klabu ya Disney, nafasi ikifutwa zikiwa zimebaki siku 30 au pungufu kabla ya kuwasili, pointi haziwi huru tena. Huwekwa kando, na zinaweza kutumika tu kuhifadhi nafasi za ndani ya siku 60 zijazo. Kama tarehe ya kuweka akiba nayo imepita, mmiliki amepoteza kodi, amepoteza pointi na ada alishailipa.

Kwa hiyo mkataba utaje majina ya wageni wote, tarehe, aina ya chumba, kiasi na siku za malipo. Utaje pia atakayegharamia uharibifu, kwa kuwa majengo humtazama mwanachama iwapo mgeni wake amevunja kioo. Lakini kifungu kinachostahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko vyote ni kile cha kufuta safari.

Mwaka 2020 ulionyesha sababu. Katikati ya Machi mwaka huo Disney ilifunga viwanja vyake vya Florida kutokana na ugonjwa wa korona, na vilianza kufunguliwa tena Julai. Pointi zilirejeshwa kwa wanachama, si kwa wapangaji, na nyingi zilikuwa karibu kwisha muda wake. Mikataba mingi ilisema tu kwamba fedha hazirudishwi. Mpangaji akasema hakupewa chumba alicholipia. Mmiliki akasema yeye hakufuta, na fedha alishazilipia ada. Wengine walikubaliana kuahirisha safari, wengine waligawana hasara, na urafiki kadhaa ulikufa. Mkataba wa leo ueleze bayana nini kitatokea majengo yakifungwa na mwenyewe, kwa ugonjwa au kwa kimbunga. Florida haikosi vimbunga, na msimu wake rasmi ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30.

Matapeli

Mmiliki mwenye pointi zinazokaribia kufa ni windo rahisi. Simu humjia kutoka kwa mtu anayejua jina la majengo yake na idadi ya pointi zake, akidai ana mpangaji tayari, tena wa bei ya juu. Kinachotakiwa ni ada ndogo ya usajili au kodi ya serikali ilipwe kwanza. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, imekuwa ikiwaonya wamiliki kwa miaka mingi dhidi ya malipo ya namna hiyo.

Jambo hili si la vibaka wa kawaida tu. Mwezi Julai 2024, Wizara ya Fedha ya Marekani pamoja na FBI zilitoa tahadhari kuhusu magenge ya dawa za kulevya ya Mexico, likiwamo la Jalisco, yanayoendesha vituo vya simu vya kuwalaghai wamiliki Wamarekani wa nyumba za likizo za Mexico. Kwa mujibu wa tahadhari hiyo, waathirika wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya mwaka 2019 na 2023. Baadhi ya waliokwishaibiwa hupigiwa tena na watu wanaojifanya wanasheria au maofisa wa serikali, wakiahidi kurejesha fedha kwa malipo mengine.

Mbinu nyingine huja kutoka kwa mpangaji mwenyewe. Hutuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko walichokubaliana, kisha huomba arudishiwe ziada. Benki huonyesha fedha zimeingia, mmiliki hurudisha ziada hiyo, na siku kadhaa baadaye hundi hubainika kuwa ya bandia. Benki humdai yeye.

Kodi ya mapato

Fedha za kukodisha ni mapato, na Idara ya Mapato ya Marekani, IRS, hutarajia kuyaona katika taarifa ya mwaka. Wamiliki wengi hutegemea kanuni isemayo kwamba mtu akikodisha makazi yake kwa siku zisizofika 15 kwa mwaka hana haja ya kuyataja mapato hayo. Kanuni hiyo ipo, lakini kwa umiliki wa zamu suala ni gumu zaidi, maana chumba hicho hicho hutumiwa na kukodishwa na wamiliki wengine wengi. Mhasibu aulizwe kabla ya kuitegemea. Stakabadhi za ada ya matunzo na ujira wa wakala zihifadhiwe, kwani huenda zikapunguza kiasi kinachotozwa. Yapo majimbo, Hawaii ikiwa mojawapo, yanayotoza pia kodi ya malazi ya muda mfupi, na mwenye wajibu wa kuiwasilisha ni mmiliki aliyekodisha.

Kwa mmiliki aliyekwisha kurudi Dar es Salaam au Nairobi na asiyehesabika tena kuwa mkazi wa Marekani, utaratibu ni mwingine. Kodi ya pango itokayo nchini humo hutozwa asilimia 30 ya kiasi chote, bila kutoa gharama, isipokuwa kama atawasilisha taarifa na kuchagua mapato hayo yahesabiwe kama ya biashara iliyoko Marekani. Akichagua hivyo, ada yake ya matunzo inaweza kutolewa kwanza.