Njia ya Kwenda Pwani

Katika Mwambao wa Kenya wazee wetu waliitumia pwani kwa desturi. Mvuvi alishusha mtumbwi wake dikoni, nao wanawake walikwenda kutanda dagaa maji yapwapo. Ardhi ilishikwa na ukoo, na njia ilijulikana kwa nyayo za wapitao, bila karatasi.

Mwaka 1895 Mwambao, ukanda wa maili 10, uliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, ukisalia kwa jina milki ya Sultani wa Unguja. Kisha mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi: kila adaiye ardhi na alete madai yake yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe kuwa ya Serikali. Wenye hati na mashahidi walikwenda wakaandikiwa. Bali wengi wa Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, hawakuandikiwa kitu, wakawa maskwota palepale walipozikwa babu zao. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, ilikubaliwa kwamba hati zilizokwisha kutolewa ziheshimiwe. Baadaye hoteli nyingi za watalii zilijengwa Diani, Nyali na Watamu. Viwanja vikapangana ufuoni, na baadhi ya njia za kale zikazibwa kwa kuta.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji yajaapo na maji yapwapo ni ya umma. Neno hili ni jema sana. Lakini na tufikiri: ikiwa mchanga ni wetu sote, je, twaufikia kwa njia gani? Mvuvi hashuki kutoka mawinguni. Haki isiyo na njia ni kama kisima kisicho na kamba.

Basi yatupasa tujifunze kwa mambo ya 1908. Haki babu zetu walikuwa nayo. Maandishi ndiyo waliyoyakosa. Mzee aijuaye njia akifa bila kuionyesha, nayo hupotea. Kwa hiyo walimu na wazee wa kila kijiji na wakae pamoja, wazitaje njia na madiko kwa majina yake, wazipime hatua kwa hatua, waziandike, kisha wazipeleke kwa wapimaji wa kaunti na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, zipate kutiwa katika ramani kabla ukuta haujajengwa.